Faroe, timu iliyopewa nafasi ya kufungwa

Mwaka 1944 ligi ya Visiwa vya Faroe haikuchezwa. Wachezaji walikuwepo, viwanja vilikuwepo, na hamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mipira. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea, bidhaa zilikuwa haba, na mipira ya ngozi haikupatikana. Ukifungua orodha ya mabingwa wao, mwaka huo una pengo mpaka leo.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Mimi nimekulia Unguja, na utotoni tulicheza mipira ya matambara tuliyoisokota wenyewe na kuibana kwa kamba za usumba. Ukiipiga siku ya mvua inanywa maji, inakuwa nzito kama nazi, na mguu unakuuma hadi kesho yake. Kwa hiyo kisiwa chenye watu wanaopenda mpira lakini hakina mpira nakijua vizuri. Tangu siku hiyo Faroe ni timu yangu. Wakicheza silali kabla sijajua matokeo.

Faroe ni visiwa 18 katika Atlantiki ya kaskazini, baina ya Scotland na Iceland. Ukivijumlisha vyote, eneo lake halifiki Unguja peke yake. Wakaazi wake leo ni kama 54,000. Miti ni ya kuhesabu, kondoo ni wengi kuliko watu, upepo haupumziki, na riziki inatoka baharini. Kiutawala vimo ndani ya Ufalme wa Denmark, ila tangu 1948 vina serikali yao ya ndani. Bunge lao wanalo, lugha yao wanayo, bendera yao wanayo.

Mpira haukuwafikia jana. Klabu yao kongwe, TB ya kijiji cha Tvøroyri, iliundwa mwaka 1892. HB ya mji mkuu, Tórshavn, na KÍ ya Klaksvík zote ni za mwaka 1904. Ligi ilianza 1942, na miaka miwili baadaye ndiyo ikapigwa na ule ukame wa mipira. Lakini kwa miongo mingi timu ya visiwa vyote kwa pamoja haikuwa na pa kwenda. Ilicheza na majirani kama Shetland, watu wakafurahi, wakarudi kwenye boti zao. Hakuna mashindano yaliyowatambua. Shirikisho lao wenyewe liliundwa 1979, wakaanza kubisha hodi.

Mlango ulifunguliwa Julai 1988. FIFA iliwapokea uanachama, ingawa si dola huru. Mwezi uliofuata walicheza mchezo wao wa kwanza unaotambulika, ugenini Iceland, wakafungwa 1-0. Mwaka 1990 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo ikawapokea.

Naomba msomaji aukumbuke mwaka huo wa 1988, kwa sababu mimi naamini yote yaliyofuata yametoka hapo. Kabla yake kulikuwa na wachezaji wazuri, na baada yake kulikuwa na wachezaji wazuri walewale. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa na ratiba. Kila miaka miwili droo inachezeshwa, jina lao limo, na timu kubwa inalazimika kupanda ndege kuwafuata.

Mtu anayetaka kujua uzito wa jambo hili awatazame watu wa Faroe kwenye Olimpiki. Huko hawatambuliwi. Pál Joensen, mwogeleaji wao hodari, aliogelea London mwaka 2012 akiwa chini ya bendera ya Denmark. Mtu yuleyule angekuwa mcheza soka angevaa jezi ya kwao na kuimbiwa wimbo wa kwao.

Na Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Mwaka 2006 timu yetu ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kucheza mashindano ya timu zisizo na uanachama wa FIFA. Tulifika fainali, Cyprus ya Kaskazini wakatutoa kwa penalti. Gibraltar nao walikuwepo pale, eneo la Uingereza lenye watu wachache kuliko mitaa yetu kadhaa ikiunganishwa. Gibraltar walipigania haki yao mpaka UEFA ikawapokea mwaka 2013, na FIFA mwaka 2016. Sisi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea Machi 2017, tukashangilia barabarani, na ilipofika Julai ya mwaka uleule uanachama ukafutwa. Miezi minne tu. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili.

Desemba ya mwaka huo Zanzibar Heroes walifika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Machakos, wakatoka sare 2-2 na wenyeji Kenya, wakafungwa kwa penalti. Ami yangu, aliyewahi kucheza ligi ya hapa enzi zake, aliusikiliza mchezo ule kwenye redio akiwa amekaa barazani, mkono umeshika kingo ya baraza. Penalti ya mwisho ilipopita akasema neno moja: "Wanajua." Kisha akanyamaza mpaka adhana ya Ishaa. Nilitamani kumwuliza sasa watacheza tena lini na nani, lakini sote wawili tulijua hakuna jibu.

Turudi Faroe, maana hadithi yao ndiyo niliyokusudia.

Mchezo wao wa kwanza wa mashindano ulipangwa tarehe 12 Septemba 1990, mchujo wa Ulaya, na mpinzani alikuwa Austria. Faroe walikuwa wenyeji lakini hawakuwa na uwanja. Visiwa vizima havikuwa na kiwanja cha nyasi cha kiwango kinachotakiwa, basi mchezo wa "nyumbani" wakaupeleka Landskrona, mji wa bandari kusini mwa Sweden. Watazamaji walikuwa 1,265. Austria walitoka kucheza Kombe la Dunia Italia miezi mitatu tu nyuma, wakiwa na Toni Polster, mfungaji wa Sevilla ya Hispania.

Golini kwa Faroe alisimama Jens Martin Knudsen, dereva wa foklifti katika kiwanda cha samaki. Kichwani alivaa kofia nyeupe ya sufu, ya kufumwa, yenye bonge la nyuzi utosini, kama zile wanazovishwa watoto wa nchi za baridi. Dunia iliiona kofia ile kama kichekesho. Kumbe alipokuwa kijana aliwahi kuumia kichwa, na kofia ndiyo ilikuwa sharti la kuruhusiwa kurudi uwanjani. Mimi kila nikiitazama picha ile namwona mzazi mmoja wa kijijini aliyetaka mwanawe acheze na arudi nyumbani salama. Kocha, Páll Guðlaugsson, alikuwa mtu wa Iceland. Wachezaji wote walikuwa na kazi zao za mchana.

Kipindi cha kwanza kilikwisha 0-0. Austria walipiga, Knudsen akadaka. Ilipotimia kama saa nzima ya mchezo, Torkil Nielsen, kiungo aliyekuwa akifanya kazi kwa wauza mbao na ambaye pia ni mcheza sataranji mzuri, alichukua mpira akaelekea nao golini. Mabeki wa Austria walikuja, akapita katikati yao, akapiga shuti ukaingia wavuni. Picha za mkanda wa zamani zina ukungu, lakini kitu kimoja kinaonekana wazi: hakuharakisha. Alikwenda na mpira ule kama mtu anayekwenda sehemu aliyokwisha kuijua.

Baada ya hapo ikawa nusu saa ya kuokoa, kubutua na kuomba. Kipenga kilipolia, 1-0. Kocha wa Austria, Josef Hickersberger, alijiuzulu.

Wengi wanaoisimulia Faroe huishia hapo, kwenye kofia na goli la muuza mbao. Wanaichukua timu kama kisa cha siku moja. Mimi nadhani yanayokuja baadaye ndiyo makubwa zaidi, ingawa hayana picha nzuri.

Kwa sababu walianza kufungwa. Yugoslavia waliwapiga 7-0. Ireland ya Kaskazini walitoka nao sare 1-1 Belfast, halafu kwenye mchezo wa marudiano wakawatandika 5-0. Mchujo ule waliumaliza wa mwisho, magoli 3 ya kufunga na 26 ya kufungwa. Katika kundi lao alikuwemo Denmark, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Yugoslavia. Yugoslavia ikaondolewa kwa sababu ya vita, Denmark ikaingia badala yake na kutwaa ubingwa wa Ulaya 1992. Maana yake vijana wale wa viwanda vya samaki walikuwa wamecheza mara mbili na mabingwa wa Ulaya.

Mchujo wa Kombe la Dunia 1994 ulikuwa mgumu zaidi. Michezo 10, wakafungwa yote 10. Walifunga goli 1, wakafungwa 38. Kwetu Tanzania tuna msemo wa timu ya namna hiyo, kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia hapo. Nimeusikia msemo huo ukiipiga Taifa Stars tangu nikiwa skuli, na unauma kwa sababu unasema kichwa hakina faida yoyote kwa kunyolewa. Faroe walipata faida. Kila kipigo kilikuwa darasa, na darasa lilikuwa na tarehe ya kurudi.

Jambo la kwanza walilofanya, na ninalolipenda kuliko yote, ni kujenga uwanja. Hawakungoja. Katika kijiji cha Toftir, kwenye kilima cha mawe juu ya nyumba za wavuvi, walitengeneza uwanja wa nyasi unaoitwa Svangaskarð. Ulikuwa tayari mwaka 1991. Ukitazama picha zake unaona nyasi za kijani zimelala juu ya jabali, chini yake paa za nyumba, na chini ya paa bahari. Wakati ule kutoka Tórshavn kwenda Toftir uliweza kuvuka kwa boti. Leo kuna barabara ya chini ya bahari, ya kilomita 11, iliyofunguliwa Desemba 2020, yenye hata mzunguko wa magari huko chini. Lakini katika miaka ya 1990 Ubelgiji na Romania walikuja mpaka Toftir wakacheza juu ya kilima kile, na upepo ukawa mchezaji wa kumi na mbili. Baadaye ukajengwa Tórsvøllur katika mji mkuu, na vijiji vikapata viwanja vya nyasi bandia. Mtoto wa Faroe leo akitoka skuli mvua inanyesha, anacheza, tena kwa mpira wa kweli.

Ushindi ulikuja kwa kudondoka. San Marino walifungwa mara mbili mwaka 1995. Malta wakafungwa mara mbili katika mchujo wa Kombe la Dunia 1998. Kocha wakati huo alikuwa Allan Simonsen wa Denmark, mshindi wa Mpira wa Dhahabu mwaka 1977, aliyekaa nao tangu 1994 hadi 2001. Hebu lifikirie hilo: mchezaji bora wa Ulaya wa zamani akizunguka miaka saba katika vijiji vya kondoo, akiwafundisha mabeki namna ya kusimama. Scotland walitoka sare 1-1 Toftir mwaka 1999. Wakarudi 2002, wakajikuta wako nyuma 2-0 kabla ya robo saa kutimia, magoli yote ya John Petersen, wakahangaika mpaka wakapata 2-2.

Mchezo unaonigusa kuliko hata ule wa Landskrona ni wa tarehe 11 Juni 2003. Ujerumani, washindi wa pili wa dunia, walikuja Tórshavn. Dakika ya 88 ilikuwa bado 0-0. Kisha Klose akafunga, na Bobic akaongeza katika muda wa nyongeza. Kwenye rekodi imeandikwa 2-0 na mtu akiipitia haraka haoni kitu. Lakini dakika 88 ni muda mrefu sana kwa mtu anayekimbia nyuma ya Wajerumani.

Sitaki kuwapamba. Miaka ya kurudi nyuma ilikuwepo. Katika mchujo wa Ulaya 2008 walicheza 12 wakafungwa yote 12. Nchi ya watu 50,000 ikipoteza wachezaji wanne kwa uzee au majeraha, haina wengine wanne benchi. Wanachoweza kufanya ni kungoja kizazi, na wakati wa kungoja kuendelea kucheza.

Vizazi vilikuja. Mwaka 2010 kipa Gunnar Nielsen aliingia akitokea benchi kuidakia Manchester City dhidi ya Arsenal, akawa mtu wa kwanza wa Faroe kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Vijana wengine walitapakaa Denmark, Norway na Iceland. Kocha Brian Kerr wa Ireland aliwafikisha kwenye ushindi dhidi ya Lithuania 2009 na Estonia 2011. Akafuata Lars Olsen, na hapa kuna jambo zuri: Olsen ndiye aliyekuwa nahodha wa Denmark ile ya 1992, iliyowafunga Faroe mara mbili njiani kuelekea ubingwa.

Tarehe 14 Novemba 2014 Olsen aliwapeleka Piraeus, Ugiriki. Wagiriki walikuwa wa 18 katika orodha ya FIFA, Faroe wa 187. Jóan Símun Edmundsson akafunga, 1-0. Kesho yake kocha wa Ugiriki, Claudio Ranieri, alifukuzwa kazi, yuleyule ambaye msimu uliofuata aliipa Leicester ubingwa wa Uingereza. Watu wakasema bahati. Juni 2015 Wagiriki wakaja Tórshavn wenyewe, wakafungwa tena, 2-1. Hapo neno bahati lilikosa pa kukaa.

Katika mchujo wa Kombe la Dunia 2018 walipata pointi 9, wakamaliza juu ya Latvia na Andorra. Septemba 2022 wakaifunga Uturuki 2-1. Mwaka 2023 ikawa zamu ya klabu: KÍ ya Klaksvík, mji wa watu 5,000 hivi, ilikwenda Budapest ikaifunga Ferencváros 3-0 katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, na mwisho ikawa klabu ya kwanza ya Faroe kucheza hatua ya makundi Ulaya, kwenye Conference League. Huko ikatoka sare na Lille ya Ufaransa.

Kisha ikaja 2025. Kundi la mchujo wa Kombe la Dunia lilikuwa na Croatia, Jamhuri ya Czech, Montenegro na Gibraltar. Nilipoiona Gibraltar mle moyo ulinipiga, nikakumbuka Hamburg. Kocha wa Faroe safari hii alikuwa mtu wa kwao, Eyðun Klakstein. Waliwafunga Gibraltar nje na ndani. Oktoba 9 wakawachapa Montenegro 4-0. Siku tatu baadaye, Jumapili, wakawakaribisha Wacheki.

Nilikuwa kwa ami usiku ule. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, basi mimi nilishika simu na kumsomea kinachoendelea. Hanus Sørensen akafunga. Ami akauliza, "Nani kafunga?" Nikamwambia Faroe. Akasogea karibu. Wacheki wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika kama kumi, na sote tukashusha pumzi kwa sababu tunajua hadithi za timu ndogo zinavyokwisha. Hazikupita dakika tano, Martin Agnarsson akapachika la pili. 2-1. Mpaka mwisho ikabaki hivyo. Ami alipiga kofi moja kwenye paja lake. Siku tatu baadaye kocha wa Czech, Ivan Hašek, aliachishwa kazi. Hickersberger, Ranieri, Hašek. Miaka 35 baina ya wa kwanza na wa mwisho.

Faroe walikwenda Rijeka Novemba 14 wakiwa na pointi 12 na matumaini ambayo hawajawahi kuwa nayo. Croatia walihitaji pointi moja tu ili wafuzu. Géza Dávid Turi akawafungia Faroe goli la kuongoza. Kwa dakika chache, pale ugenini, visiwa 18 vilikuwa mbele ya timu iliyowahi kucheza fainali ya Kombe la Dunia. Kisha Wacroatia wakaamka, wakafunga matatu. 3-1. Faroe wakamaliza wa tatu, nyuma ya Croatia na Czech, wakaaga mashindano.

Asubuhi nilipita kwa ami kabla ya kwenda kazini. Alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Vipi wale jamaa zako wa baridi?"

"Wamefungwa, ami. Tatu moja."

Akatikisa kichwa, akanywa kahawa, akakiweka kikombe chini polepole.

"Watacheza tena lini?"

"Mwakani," nikamjibu.